Shingo inauma, mabega mazito, na siku nzima nimekaa tu: je, ninunue kiti?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mhasibu, nina miaka 36. Ofisi yetu iko hapa Mwanza mjini, upande unaotazama ziwa. Naingia saa mbili asubuhi, natoka saa kumi na moja, na mwisho wa mwezi hata saa moja usiku inanikuta mezani. Tangu mwaka jana shingo inakaza, bega la kulia linawaka, kiuno kinauma nikisimama, na nikifika nyumbani Buhongwa nimechoka kiasi kwamba hata kuongea na watoto siwezi. Na sijabeba kitu chochote! Mama anasema ni figo. Wenzangu ofisini wanasema ninunue kile kiti cha kuegemeza shingo, laki sita. Kwa sasa nameza diklofenaki, dawa ya maumivu, karibu kila Ijumaa. Nifanye nini?

JIBU: Marahaba, dada yangu. Nianze na hilo la kwamba hujabeba kitu. Watu wa ofisini wengi huniambia hivyo wakija kutibiwa, na huniambia kwa aibu, kana kwamba maumivu ya mabega ni haki ya wapakiaji wa soko la samaki la Mwaloni peke yao. Umebeba, tena sana. Umebeba kichwa chako, ambacho kina kilo tano hivi, pamoja na mikono yako miwili, kuanzia asubuhi hadi jioni, na hukuishusha.

Hebu jaribu hivi ukiwa hapo ulipo. Nyoosha mkono wa kulia pembeni, usawa wa bega, umeshika simu yako tu. Usiutikise. Dakika chache hazitapita kabla bega halijaanza kuwaka. Pumzika, kisha chukua simu hiyohiyo, uwe unapandisha mkono na kuushusha taratibu, ukiulegeza kila unaposhuka. Utaweza kuendelea kwa muda mrefu zaidi. Simu ni ileile na mkono ni uleule. Kilichobadilika ni mwendo wa damu. Msuli ukikaza, mishipa midogo ya damu iliyo ndani yake inabanwa. Ukilegea, inafunguka, damu inapita na oksijeni yake na kuondoka na taka za kazi. Kukaza na kulegea ndiko kunakoendesha damu hiyo. Msuli unaokazwa na kuachwa hivyo kwa saa nyingi, hata kwa nguvu ndogo kabisa ambayo mwenyewe huihisi, hukosa nafasi ya kulegea, na baada ya muda huanza kulalamika.

Sasa jitazame ukiwa kazini. Mkono wa kulia uko kwenye mausi, na mausi iko mbali kidogo kwa sababu kibodi na mafaili vimejaa mezani. Ili kuifikia, bega limepanda kidogo na kiwiko kimening'inia hewani. Msuli mpana unaotoka kisogoni kushuka hadi begani ndio unaoushikilia huo mkono. Ndiyo maana bega lako linalowaka ni la kulia. Ungekuwa unatumia mkono wa kushoto, ningetegemea uniandikie kuhusu la kushoto.

Kuna jambo jingine ambalo watu hawalihesabu. Watafiti wanapobandika vipimo vya umeme juu ya msuli huo wa bega, huona ukikaza zaidi pale mtu anapopewa kazi ya akili yenye haraka na presha, hata kama mikono yake imetulia kabisa. Kwa hiyo mwisho wa mwezi, hesabu zikigoma kulingana na bosi amesimama mlangoni, bega lako linafanya kazi ya ziada bila kuambiwa. Usidhani unajidekeza kwa sababu maumivu yanazidi tarehe 28 na kupungua tarehe 5. Ni msuli wa kweli unaokaza kweli.

Halafu kuna simu. Mwaka 2014 daktari mpasuaji wa uti wa mgongo wa Marekani, Kenneth Hansraj, alipiga hesabu ya mzigo unaoiangukia shingo kichwa kikiinama. Kikiwa wima, ni zile kilo tano. Kikiinama nyuzi 60, mkao wa mtu anayesoma ujumbe mapajani ndani ya daladala, mzigo unafika kilo 27, yaani zaidi ya nusu ya mfuko wa saruji. Hiyo ni hesabu ya mzigo, haikupima maumivu ya mtu. Wapo wanaoinamia simu kutwa na hawaumwi. Lakini kwa shingo iliyokwishachoka tangu saa mbili asubuhi, safari yote ya kutoka mjini kupita Mkuyuni na Nyegezi hadi Buhongwa ukiwa umeinamia kioo ni saa nyingine ya kazi. Inua simu ije usawa wa kifua, au iache kwenye mkoba.

Kuhusu kiuno na figo: namwelewa mama, ni imani iliyoenea, lakini ulivyoeleza sivyo figo inavyouma kwa kawaida. Maumivu ya figo hukaa juu zaidi, ubavuni chini ya mbavu, hayajali sana umekaa au umesimama, na mara nyingi huja na homa, kichefuchefu au mabadiliko kwenye mkojo. Chako kinauma unapoinuka baada ya kukaa muda mrefu, kisha kinapungua ukitembea kidogo, sivyo? Hiyo ni misuli na viungo vya mgongo vilivyokakamaa. Zile gegedu laini zilizo kati ya pingili za mgongo kwa mtu mzima hazina mishipa ya damu ya kutosha ya kwao wenyewe. Zinalishwa na majimaji yanayopenya kutoka tishu za jirani, na kujongea, kunakozibonyeza na kuziachia, husaidia. Kapime mkojo ili mama alale usingizi. Ni kipimo chepesi, na kwa kuwa unameza diklofenaki mara kwa mara, mwambie mhudumu akupime pia presha na figo zenyewe. Nitalirudia hilo la dawa.

Kiti cha laki sita usinunue. Nasema hivyo nikijua kwamba kiti kibovu kipo na kinaumiza. Kama chako kimekatika egemeo au hakishuki wala kupanda, mwajiri akibadilishe. Ila kiti kizuri kina hatari yake: kinakufanya ukae zaidi. Nimewaona watu waliokaa vibaya lakini wanainuka kila baada ya muda wakiwa salama kuliko waliokaa kama picha ya kitabuni kwa saa nne mfululizo. Hakuna mkao mmoja ulio sahihi kwa siku nzima, na anayekuambia "kaa wima muda wote" anakuongezea mzigo mwingine wa kukaza misuli. Egemea, sogea, pishanisha miguu kisha iachanishe, rudi wima. Mkao mzuri ni ule utakaofuata.

Meza yako unaweza kuirekebisha kesho asubuhi karibu bila shilingi. Kompyuta mpakato ina kasoro ya kuzaliwa: kioo na kibodi vimeungana, kwa hiyo ukipata urefu unaofaa mikono, shingo inainama, ukipata unaofaa shingo, mikono inapanda. Chukua rimu mbili au tatu za karatasi, ziweke chini ya kompyuta hadi ukingo wa juu wa kioo ufike karibu na usawa wa macho yako, kioo kikiwa umbali wa mkono ulionyooshwa. Kisha omba kibodi na mausi vya kuchomeka. Hivyo viwili ndivyo vitu pekee vya mezani ninavyokuomba utoe pesa, na ni sehemu ndogo sana ya ile laki sita. Mausi ikae bega kwa bega na kibodi, kiwiko kikiwa karibu na ubavu na mkono umelala juu ya meza. Miguu isipofika sakafuni vizuri, weka rimu nyingine chini yake. Kanga iliyokunjwa mara kadhaa ikiwekwa kwenye mbonyeo wa kiuno inafanya kazi ya mto wa dukani.

Nimesimama kwenye neno lako "upande unaotazama ziwa". Mji wetu umekaa mashariki ya ghuba, kwa hiyo dirisha lenye ziwa mara nyingi ni dirisha la magharibi. Kuanzia saa tisa alasiri jua linashuka kuelekea upande wa Kamanga, ng'ambo ya ghuba, mwanga unapiga maji na kurudi ofisini, na kioo cha kompyuta kinageuka kuwa cheupe. Niliwahi kukaa kwenye kona ya ofisi moja ya aina hiyo nikiwatazama wafanyakazi saa hizo. Hakuna aliyelalamika kuhusu jua. Walichofanya, wote, ni kusogeza kichwa mbele, kupindisha shingo upande na kukunja uso ili wasome, na wakabaki hivyo hadi saa ya kutoka. Dada mmoja alikuwa amepinda kabisa, bega moja limeingia nyuma ya lingine, na mwenyewe hakujua mpaka nilipomgusa. Geuza meza ili dirisha liwe ubavuni kwako, lisiwe mbele ya uso wala nyuma ya mgongo. Meza isipogeuka, pazia lishushwe saa nane na nusu, kabla mwili haujaanza kupinda. Macho yenyewe yakichoka, tazama mbali kwa nusu dakika kila baada ya dakika 20, na kumbuka kupepesa. Tukitazama kioo tunapepesa mara chache kuliko kawaida na macho yanakauka. Uzuri ni kwamba wewe una ziwa zima la kutazama.

Nije kwenye lenyewe: kuinuka. Nchini Marekani, wachunguzi wa taasisi ya serikali ya usalama na afya kazini walikwenda kwa waingiza takwimu wa mamlaka ya kodi, kazi ambayo haiko mbali na yako. Juu ya mapumziko yao ya kawaida waliwaongezea dakika tano kwa kila saa ambayo haikuwa na pumziko. Maumivu ya misuli na uchovu wa macho vilipungua, na kazi iliyotoka mikononi mwao haikupungua. Ichukue hiyo umpelekee bosi wako, maana najua hofu yake ya kwanza itakuwa uzalishaji.

Kwako mpango uwe hivi, na usiuchanganye zaidi ya hapa: usikae zaidi ya nusu saa hadi dakika 40 bila kusimama. Simama tu, hata dakika moja, zungusha mabega nyuma mara kadhaa, nyoosha mikono juu, kaa. Kila saa, toka kabisa mezani dakika chache. Simu ikiita, ongea ukiwa umesimama. Badala ya kumwandikia mwenzako aliye chumba cha tatu, nenda. Printa ikiwa mbali, shukuru. Na kunywa maji. Najua kwa nini dada wengi wa ofisini hawanywi: choo kiko ghorofa nyingine, au ufunguo anao mtu mmoja. Lakini maji yanakupa mambo mawili, yanapunguza uchovu na maumivu ya kichwa ya alasiri, na yanakulazimisha kutembea hadi hicho choo.

Chakula cha mchana usikilie mezani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo pumziko la angalau dakika 60. Hilo lako ni haki, wala hupewi kwa hisani. Nusu yake kula, nusu yake tembea. Na kama unaagiza sahani ya mlima wa wali saa saba, usishangae saa nane kope zikianguka. Mwili una mteremko wake wa asili wa usingizi alasiri, na shibe nzito ya wanga inauongeza. Punguza wali, ongeza mboga na maharage, sato wako kula bila wasiwasi.

Kuna uchunguzi wa zamani ninaoupenda kwa sababu unawahusu watu tunaowaona kila siku. Mwaka 1953 daktari wa Uingereza, Jerry Morris, alitoa matokeo yake kuhusu wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Madereva walikaa; makonda walipanda na kushuka ngazi za basi wakikata tiketi. Makonda waliugua moyo kidogo kuliko madereva. Kukaa sana kunagusa zaidi ya shingo, dada yangu. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, kwenye miongozo yake ya mwaka 2020, linataka mtu mzima afanye dakika 150 hadi 300 za shughuli ya wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya nguvu siku mbili au zaidi. Kwa Mwanza dakika hizo ziko barabarani. Shuka kituo kimoja kabla ya chako, tembea kwa mwendo unaoweza kuzungumza lakini si kuimba. Anayeishi Bugarika au Isamilo ana bahati zaidi, kilima kinamfanyisha mazoezi bila kumuuliza.

Hapa ndipo ninapotaka ukazanie kuliko kote: msuli wako uongezewe nguvu. Kukandwa kunatuliza, sikatai, lakini Jumatatu msuli unarudi mezani na udhaifu uleule. Huko Denmark, Lars Andersen na wenzake waliwachukua watu wazima 198, wengi wao wafanyakazi wa ofisini, wenye maumivu ya mara kwa mara ya shingo na mabega. Kundi moja lilivuta mpira wa mazoezi unaonyumbuka dakika mbili kwa siku, jingine dakika 12, la tatu halikuvuta. Siku tano kwa wiki, wiki kumi. Mwaka 2011 walitoa matokeo: makundi yote mawili yaliyovuta yalipata nafuu ya wazi kuliko lile la tatu, na la dakika mbili halikuachwa mbali na la dakika 12.

Mpira wao ulitengenezwa maalumu kwa mazoezi. Wako upo kwa fundi baiskeli yeyote: ile mipira myeusi inayokatwa kwenye tyubu za matairi, ambayo watu hufungia mizigo. Chagua uliokatwa mwembamba na mrefu, mlaini, na ukague kila siku kama umepasuka, kwa sababu ukikatika unaruka usoni. Kanyaga katikati yake kwa mguu mmoja au miwili, shika ncha kila mkono. Viwiko vikunjwe kidogo tu. Pandisha mikono yote miwili pembeni, ikielekea mbele kidogo ya mwili, hadi ifike usawa wa mabega. Shusha taratibu, usiiache ianguke. Mabega yasipande masikioni; yakipanda, mpira ni mgumu kwako, achia urefu zaidi. Endelea hadi mikono ikatae au dakika mbili ziishe, kimojawapo kikitangulia. Basi, umemaliza kwa leo. Wiki ya kwanza utasikia misuli imechoka kwa namna tofauti, nzito lakini tamu, ambayo huisha kwa siku moja au mbili. Hiyo usiiogope. Maumivu makali ya kuchoma, au ganzi inayoshuka mkononi, hayo yakikupata simamisha.

Kuhusu ule uchovu wa kushindwa kuongea na watoto, sitaki tuutupie kazi ya mezani wote. Mwanamke wa miaka 36 anayechoka hivyo apime wingi wa damu, maana hedhi nzito humaliza madini ya chuma kimyakimya. Pima sukari na presha. Na kama ulikulia kando ya ziwa, ukioga, ukifua na kuchota maji humo, au bado unaingia majini, mwambie daktari wazi. Kichocho cha tumbo kipo kwenye fukwe hizi, kinaweza kukaa mwilini miaka kikileta uchovu na upungufu wa damu, na dawa yake, prazikwanteli, ipo. Watu wengi wa ofisini hawapimwi kwa sababu tu wamevaa suti. Usingizi nao uuangalie: ukipata usingizi wa saa tano tu kila usiku, hakuna mpira wa tyubu utakaokuokoa.

Diklofenaki ya kila Ijumaa iache hadi uonane na daktari. Dawa za kundi hilo zikimezwa mara kwa mara bila usimamizi huchubua tumbo hadi vidonda, hupandisha presha, na, hili mwambie mama, ndizo zinazoweza kuumiza figo. Kitambaa cha maji ya moto begani kwa robo saa jioni ni salama zaidi, mradi kisikuunguze.

Zipo dalili ambazo hazisubiri mpira wala rimu. Mkono au mguu unaopoteza nguvu. Ganzi sehemu za siri, au mkojo na haja kubwa visivyozuilika: hapo ni hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane. Maumivu ya mgongo yanayokuamsha usiku yakifuatana na homa, jasho au kupungua uzito, maana kifua kikuu huweza kuingia kwenye uti wa mgongo. Mguu mmoja kuvimba na kuuma ghafla. Kifua kubana na maumivu kwenda mkono wa kushoto au taya.

Zisipokuwepo hizo, anza Jumatatu na rimu, pazia na mpira. Andika kwenye daftari namba ya maumivu, sifuri hadi kumi, kila Ijumaa jioni badala ya kidonge. Wiki ya tatu au ya nne namba inapaswa kuanza kushuka. Ikifika wiki ya kumi na haijashuka, nenda ukapimwe na mtaalamu wa fiziotherapia. Hospitali ya Bugando wana idara hiyo, na daftari lako litamsaidia kuliko maelezo ya mdomo. Ukipata nafasi, niandikie pia kama meza imegeuka.